Foleni ya Kumkirimu Paka wa Kinyozi

Saa mbili kasoro robo asubuhi, kabla hata wembe mmoja haujanolewa, Argyris Foskolos anambeba Kanela kwa mikono miwili na kumweka juu ya mzani wa samaki. Ni mzani chakavu aliopewa na muuza samaki jirani yake, hapa Ermoupoli, kisiwani Syros. Paka anatulia, mkia ukining'inia, kama bibi aliyezoea kupimwa.

"Kilo tano na mia sita," anasema Argyris. Anavua miwani, anaivaa tena, anasoma upya. "Bado gramu mia moja tu."

Pasaka iko siku kumi na mbili mbele. Kabla ya hapo Kanela atarudi kwa daktari wa wanyama, na kama hajashuka hadi kilo tano na nusu na sukari yake haijatulia, sindano zitaanza, mbili kila siku. Argyris ana miaka hamsini na tisa na ameshika wembe miaka arobaini, lakini anakiri bila haya kwamba sindano humtoa jasho. Hata hivyo, si hilo linalomnyima usingizi. Kanela alikuwa wa mkewe, Despina, aliyefariki miaka mitatu iliyopita.

"Huyu akienda, nitakuwa nimefiwa na Despina mara mbili," anasema.

Anafungua mtungi wa kioo uliowahi kuwa wa zeituni, anatoa pakiti ndogo nyembamba, anasoma jina lililoandikwa juu yake kwa kalamu. Anairudisha mtungini na kuchukua nyingine.

"Huyo bado," anasema, na kwenda kuchemsha maji ya kunyolea.

Kinyozi huyu ana viti viwili. Kimoja ni cha wateja, cha pili, kile cha dirishani, ni cha Kanela. Kichwa kimoja ni euro kumi, na siku njema huja vichwa vinane. Nusu yao, ukweli usemwe, huja kwa ajili ya paka.

Na watu wa Syros hawajui kumwacha kiumbe bila kumkirimu. Ukiingia mkahawani utakuta kahawa yako imeshalipiwa na meza ya pili, na ukikataa, umemtukana mtu. Kanela hanywi kahawa, kwa hiyo alikirimiwa pakiti za krimu ya kulamba, samaki au kuku aliyesagwa laini, unamkamulia kidogo kidogo naye analamba. Mkono mtupu haulambwi, na hapa hakuna aliyekuja na mkono mtupu.

Mwezi wa kumi mwaka jana, paka alishindwa kuruka kwenye kiti chake. Daktari Ismini alimpima: kilo saba na mia mbili, na sukari imeanza kupanda. Akamwambia Argyris aandike kila kinachoingia kinywani mwa paka huyo kwa siku moja.

Jioni ile karatasi ilimvua nguo. Wateja walikuwa wametoa pakiti sita, yeye peke yake nne. Alikuwa akimlambisha kidoleni wakati wa chakula cha jioni, asile peke yake mezani.

"Nilikuja kuwalaumu watu," anasema. "Nikakuta mbaya wake ni mimi."

Daktari hakupiga marufuku krimu. Alisema si sumu, ila ni takrima, na hakuna anayeishi kwa takrima. Chakula kamili kiwe cha bakuli, kwa kipimo. Krimu isizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku, na bakuli lipunguzwe kwa kiasi hichohicho. Akaelekeza pia ichanganywe na vijiko viwili vya maji, kwa sababu Kanela ni mvivu wa kunywa.

Argyris akabandika tangazo mlangoni: paka asipewe kitu. Wa kwanza kununa alikuwa Mzee Zannis, nahodha mstaafu wa miaka themanini na moja, mteja wa kila Jumatano, ambaye hupasha pakiti joto kwapani kabla ya kuifungua.

"Kulamba si kula, bwana wewe," alifoka. "Mwezi wa kumi huu, na paka mmeshamtia kwaresima!"

Akaondoka. Wiki mbili akanyolewa kwa kinyozi wa bandarini, akarudi kupita dirishani makusudi na kichogo kilichokatwa upogo, Argyris akione vizuri.

Ndipo mtungi ulipozaliwa. Argyris alimfuata mkahawani akamwambia takrima yake haikataliwi, ila itapanga foleni. Kila mtu aandike jina kwenye pakiti yake; Kanela atalamba moja tu kwa siku, na aliyeitoa atatajwa kwa jina. Mzee alicheka hadi akakohoa. Akarudi Jumatano iliyofuata, na toka hapo akawa askari wa foleni, akiwakemea wanaotaka kupenyeza.

Foleni ilifika wiki tatu. Watu walianza kuulizana njiani zamu zao. Kanela akapungua, polepole kama alivyotaka daktari.

Pakiti ya mwisho ya Mzee Zannis ilikuwa na zamu Jumatano iliyopita. Mwenyewe alizikwa Jumatatu, siku mbili kabla. Tangu hapo kila asubuhi Argyris huisoma na kuirudisha.

Leo saa kumi jioni, baada ya mteja wa mwisho, anarudisha mtungini ile pakiti ya asubuhi, ambayo hakuifungua, na kuitoa ya Mzee Zannis. Anaiweka kwapani, anangoja. Kisha anaikamua bakulini, anaongeza maji vijiko viwili, anapiga magoti.

"Kanela," anasema, "leo anakukirimu Mzee Zannis."

Paka analamba hadi bakuli linang'aa. Argyris anajipangusa macho kwa taulo la wateja, wala hajifichi.

Jina lake mwenyewe halijawahi kuingia mtungini. Alijizuia tangu ile karatasi ya pakiti nne, miezi sita sasa. Leo anatoa pakiti mpya mfukoni, anaandika "Argyris" na kuisukuma chini kabisa, nyuma ya wengine kumi na wanane. Zamu yake itafika wiki moja baada ya Pasaka.

"Atakuwepo," anasema, akimbeba na kumrudisha dirishani. "Hana budi. Ana miadi nami."