Ombugu Nyuma ya Jikoni

Sogea karibu unisikilize, nikueleze jinsi nyasi zilivyonifunga. Nitakwenda polepole.

Miaka ya tisini nilikuwa nimeolewa Migori, kwenye mteremko uliochimbwa dhahabu. Wachimbaji walipoona mawe hayana kitu tena, walifukia mashimo juujuu wakaondoka. Udongo waliouacha ulikuwa wa kijivu, umejaa kokoto, na haukuotesha kitu. Kila mvua iliponyesha, maji yalichimba mfereji na kuurefusha kuelekea nyumbani kwangu. Mwanzoni ulikuwa hatua ishirini kutoka jikoni. Mwaka uliofuata zikabaki tisa.

Utaniuliza kwa nini sikuhama. Kwetu nguzo ya kwanza ya nyumba husimamishwa na mume kwa mkono wake, na wangu alikuwa akivua samaki kisiwani Remba. Nilimtumia ujumbe kupitia mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Jibu likaja: "Mwambie angoje nirudi." Mimi ningengoja, lakini mfereji haukungoja.

Nikaamua kuotesha majani mteremkoni yaushike udongo, lakini nilianza na kosa. Nilibeba mbolea mbichi kutoka zizini, karai baada ya karai, nikaitandaza. Mvua ilipokuja mteremko ukawa kijani, nikapiga vigelegele peke yangu. Kumbe ng'ombe walikuwa wamekula mbegu za kila gugu la kando ya njia, na mbegu hizo zilipita tumboni zikiwa nzima. Magugu yalinifika kiunoni, lakini kila moja lilikuwa na kamzizi kafupi, ukilivuta kwa vidole viwili linatoka. Kiangazi yakakauka, udongo ukabaki uchi. Hatua sita.

Shamba la mama mkwe wangu lilipakana na mteremko huo. Alikuwa aking'oa ombugu kwenye mahindi, ile nyasi ya mizizi mirefu myeupe ambayo wakulima wa kwetu wanaichukia, kwa sababu ukiikata vipande kumi, vyote kumi vinaota. Aliirundika juu ya mwamba ikauke. Asubuhi moja akanikuta nikijaza karai kutoka kwenye rundo lake.

"Nyar Magunga," akaniita, yaani binti wa Magunga, nilikozaliwa. "Kwenu mnakula hiyo?"

"Naenda kuipanda, Mama."

"Kupanda!" Aliegemea jembe akacheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Kisha kicheko kikakatika. "Ikiingia kwa mahindi yangu, nitaing'oa nikupandie kitandani."

"Haitavuka."

"Nani ataizuia? Bwana yako?"

"Mimi."

Akautazama mfereji, akalitazama jiko langu. "Chukua. Lakini hiyo neno umesema mwenyewe."

Nilipanda vipande vyenye vifundo, mistari ikikata mteremko kwa upana, nikafunika kwa mabua ya mahindi. Magugu niliyang'oa kwa mkono kabla hayajatoa maua. Mpakani mwa shamba la mama nilichimba mtaro. Msimu wa kwanza nyasi zilikuwa nyembamba kama nywele za mgonjwa. Wa pili zikashikana, na mfereji ukasimama, hatua nne kutoka jikoni.

Ndipo nikagundua nilichojifanyia. Ombugu haipumziki. Nikiacha kuukagua mtaro wiki moja, mizizi ilikuwa imeshaning'inia ukingoni ikitafuta ng'ambo. Dada yangu aliyeolewa Isebania alipojifungua, aliniomba nikae naye mwezi mzima. Nilikaa siku tatu, na zote nilikuwa nikiwaza mtaro.

Mume wangu alirudi hatimaye. Nilimpeleka nyuma ya jikoni, nikamwomba tuhamie juu kwenye ardhi ngumu. Alizikanyaga nyasi, akapiga kisigino mara mbili.

"Lakini hapa pameshika vizuri," akasema. "Tuhame ya nini?"

Baada ya wiki mbili akarudi Remba. Mimi nikachukua panga, nikarudi mtaroni kukata mizizi.

Nawe ukiipanda nyasi hii kushika udongo uliochimbwa, zungushia mtaro wa kina cha kiganja mpaka kiwiko, na kila Jumamosi upite nao ukikata kila mzizi unaoning'inia.