Nafasi Wazi Kwenye Ukurasa wa Tano

Kama unatafuta mutu mwema katika habari hii, usinitazame mimi. Wakati wa Zaïre nilikuwa chef de travaux, cheo cha juu ya asistanti, katika departema ya matematika ya chuo chetu, pale Bukavu, nikiwa bado kijana, na abacost, ile suti ya serikali isiyo na tai, niliivaa hata Jumamosi ili majirani wa Nyalukemba wajue nani anapita. Cheo kilinilevya kuliko pombe.

Sheria ya kupanda ilikuwa hivi. Asistanti alipewa miaka miwili, ikiisha anaongezewa miwili, ikiisha tena anaongezewa miwili ya mwisho. Katika muda huo makala zake mbili ziwe zimetoka katika daftari la utafiti la departema. Zikitoka, anakuwa chef de travaux. Zisipotoka, anafungasha: nyumba ya chuo anairudisha, anaenda kufundisha sekondari.

Daftari lenyewe tulilichapa wenyewe. Maneno yalipigwa kwa mashine kwenye stensile, ile karatasi ya nta, lakini mashine haikuwa na alama za hesabu. Basi mupiga mashine aliacha nafasi tupu, kisha mutu wa mukono mutulivu alichora alama zote kwa kalamu ya chuma, moja moja. Ukiteleza kidogo, stensile imepasuka, unaanza upya. Kati yetu wote, mukono huo alikuwa nao mutu mumoja tu: asistanti mumoja aliyekaa mutaa wa Nguba, niliyeingia naye kazini siku moja.

Kila mutu alimupelekea kazi yake. "Papa, nisaidie, yangu iko haraka." Naye kukataa hakujua. Makala yake ya pili ilikaa chini ya zetu miezi na miezi. Mujinga huyu, nilisema moyoni. Wema wa namna ile unaniudhi mpaka leo.

Alipokuwa ananichorea makala iliyonipandisha cheo, alikuja kwangu na karatasi amezificha ndani ya shati. Alingoja muke wangu aingie jikoni.

"Ndugu, hapa kwa hatua ya pili umegawanya na kitu kinaweza kuwa sifuri."

Ilikuwa kweli! Mutoto wa sekondari angepigwa kwa kosa lile. Alilirekebisha yeye mwenyewe kwa mistari mine, akachora, na hakumuambia mutu. Nilimushukuru kwa mudomo. Moyoni nilimuchukia kabisa, kwa sababu sasa kulikuwa na mutu mumoja duniani aliyejua kipimo changu.

Kamati ilipokaa kunijadili, karatasi za kuchapia zilikuwa zimekwisha. Shefu wa departema, muzee, akasema stensile ikiwa tayari, makala imetoka. Iliandikwa hivyo kwenye kitabu cha mikutano, nikapanda. Tangu siku hiyo rafiki yangu aliacha kuniita ndugu, akaniita mukubwa. Mwanzoni alikuwa ananitania, kisha ikabaki. Sikumukataza.

Miaka yake ikafika mwisho. Stensile za makala yake ya pili zilikuwa tayari, zimekamilika, safi hata mutu angezitundika ukutani. Lakini karatasi hakuna. Zote zilichukuliwa kuchapa nyimbo za animation, zile za kuchezwa kwa kusifu chama, tukaambiwa wakubwa wa chama wanakuja na tutacheza mbele yao. Tulicheza kweli, na yeye pia, mustari wa mbele.

Kamati ikakaa. Mimi sasa nilikuwa secrétaire, muandishi wa kamati, kitabu cha mikutano kiko kwenye magoti yangu. Shefu alikuwa amezeeka, anasahau, na wajumbe wengine wawili walikuwa wamefika chuoni baada ya kupanda kwangu.

"Citoyen secrétaire," shefu akauliza, maana wakati ule kila mutu aliitwa citoyen, mwananchi, "tulisha kubali stensile siku moja?"

Ukurasa ule niliujua kama jina langu. Jina langu ndilo lililoandikwa pale.

"Sioni, citoyen chef."

"Angalia muzuri."

Nikafungua kurasa pole pole, hata nikalamba kidole. Ule ukurasa niliupita. Nikasema, "Hakuna."

"Bon. Basi aende."

Alikuwa anangoja kwenye koridoo na abacost yake ya harusi, imepigwa pasi. Nikamuambia.

"Mukubwa, hata stensile?"

"Hata stensile."

Akatazama kitabu chini ya kwapa langu, kisha akanitazama mimi. Stensile zangu alizichora yeye, alijua vizuri zilikubaliwa bila kuchapwa. Akasema tu, "Aksanti, mukubwa."

Siku ya kuhamia Kavumu, kufundisha sekondari, alipita kwangu. Nilimunong'oneza muke wangu aseme sipo. Muke wangu, aliyemupenda sana, akafungua mulango wote: "Karibu, papa, iko hapa ndani!" Rafiki yangu akaingia, akaweka bahasha mezani. Zilikuwa stensile za makala yangu mupya, ile niliyoitegemea nipande tena. Alikuwa amezimaliza kati ya kufunga vitanda na masanduku. Nilitaka anitukane, hata anipige. Alininyima hata hiyo.

Mulangoni akageuka.

"Ukurasa wa tano nimeacha nafasi moja wazi. Pale hesabu yako haisimame. Najua vile inatengenezwa, lakini hii mara utafute wewe."

Karatasi zilifika wiki tatu baadaye. Makala yake ilichapwa, nzuri, na haikumusaidia kitu. Yangu ilibaki kwenye meza yangu. Kosa nililiona siku ile ile aliyoniachia bahasha. Dawa yake sikuiona mwezi ule, wala mwaka ule.

Mara moja nilipanda gari hadi Kavumu, bahasha iko mufukoni. Nilimuona kwa dirisha la darasa, anafundisha, watoto wanacheka pamoja naye. Alinipungia mukono wenye chaki, akaonyesha kwa kidole nimungoje. Nilijua ni neno gani linapaswa kutoka kwanza, kabla ya hesabu. Liligoma kutoka. Kabla kengele haijalia nilikuwa barabarani, natafuta gari ya kurudi Bukavu.

Nilistaafu na cheo kile kile. Ukurasa wa tano ninao, na ile nafasi iko wazi.