Leso Katikati ya Viti Viwili

Mke wangu alinipa mpaka Jumamosi saa nane mchana. Kama saa hiyo gari lingekuwa bado linavuja oili na kukohoa, mnunuzi wa vyuma chakavu angelichukua, na mke wangu alikuwa ameshampigia simu. Hakupaza sauti. Alikuwa anakunja nguo, akasema tu, "Mimi niliolewa na mtu. Sikuolewa na miguu."

Nilimwelewa. Kwa miaka miwili, kila Jumamosi, alichokiona kutoka dirisha letu la ghorofa ya kwanza pale mtaa wa Satellite ni miguu yangu imechomoza chini ya gari. Lilikuwa gari la spoti la zamani, la viti viwili, jekundu, la chini kiasi kwamba ukikaa ndani unatazamana na magoti ya watu. Mimi ni karani wa bima mjini. Nilisomea nilichoambiwa nisomee, nikaajiriwa nilikopelekwa, nikavaa tai nilizonunuliwa. Gari lile ndilo kitu cha pekee nilichowahi kukitaka bila kushauriwa na mtu, na pengine ndiyo sababu kila mtu alilichukia.

Ugonjwa wake ulianza mmoja, ukazaa wa pili. Distribyuta, kile kikombe cheusi kinachogawia plagi moto, ilikuwa inavuja pale inapoingia kwenye injini. Shingoni mwake kuna oringi, pete ndogo ya mpira, na yangu ilikuwa imekauka ikawa ngumu kama ukucha. Oili iliteremka ubavuni mwa injini, nyingine ikaungulia kwenye ekzosi na kuingia hadi kwenye mapazia yetu, nyingine ikadondoka uani kwenye cabro, matofali mapya ya sakafu ya mwenye nyumba. Keateka, yule mtunza nyumba na geti, alikuwa na mazoea ya kuja kusimama juu ya lile doa, mikono nyuma, kama mtu aliye mazishini.

Basi saa ya chakula cha mchana nikaenda kwa wauza vipuri wa Kirinyaga Road na tai yangu shingoni, oringi nimeifunga kwenye hanchifu. Muuzaji aliipima kwa jicho, akanipa nyingine kutoka kwenye mkebe wa majani chai. Nilimuuliza kama kweli ni ya gari. Akanijibu kwamba mpira ni mpira.

Sasa, ukitoa distribyuta lazima uweke alama ujue ilikuwa imeelekea wapi, la sivyo ukiirudisha moto utakuja wakati usio wake. Hilo nililijua. Nikaweka alama kwa chaki. Mtu anayeandika kwa chaki mahali panapovuja oili anastahili yote yatakayompata. Nilipomaliza kuvisha oringi mpya, alama ilikuwa imefutika zamani, nikairudisha distribyuta kwa kukisia, nikamwomba Mungu, nikawasha.

Ukatoka mlio mmoja kupitia kabureta, wa bunduki kabisa. Jirani wetu wa chini alijilaza kifudifudi kwenye veranda yake pamoja na karai la nguo. Keateka alikimbia akafunga geti kwa komeo, yeye mwenyewe akiwa upande wa nje.

Huko juu kwetu alikuwepo mama mkwe. Alikuwa ametoka Kitui wiki ile kumwona daktari wa macho Hurlingham. Mimi ni mtu wa Dagoretti, na ilinichukua muda kuzoea kwamba kwao Ukambani mama mkwe na mkwewe hawakaribiani. Wanaiita nthoni. Hatupeani mkono, hatuli meza moja, hatukai chumba kimoja, na tukikutana kwenye ngazi yeye hujifunika leso na kugeukia ukuta mpaka nipite. Hata kulala kwetu alikataa, akawa analala kwa yule jirani wa karai, ambaye ni mtu wa kwao. Ni heshima, si chuki. Lakini miaka tisa ya heshima ya namna hiyo inaweza kumfanya mwanamume ajinuse makwapa.

Nilichokuwa sijui ni kwamba mama huyu aliwahi kuendesha mtambo wa kusagia unga kwa miaka ishirini, wenye injini ya petroli aliyokuwa akiifungua na kuifunga kwa mikono yake. Ule mlio haukumtisha. Aliusikiliza kwanza, kama unavyomsikiliza mtoto anayelia ujue ni njaa au ni tumbo, kisha akamtuma bintiye. Mke wangu akateremka.

"Mama anasema moto unakuja mlango wa petroli ukiwa bado wazi. Umeingiza hiyo kitu kinyume. Igeuze nusu."

Nilitaka kubisha. Nikaigeuza nusu. Gari likawaka. Lilitetemeka kama mgonjwa wa malaria, lakini liliwaka. Mke wangu akatoa uamuzi. Jumamosi mama yake ndiye angekuwa hakimu. Akisema limepona, libaki. Akisema bado, liende. Nilikubali, kwa sababu sikuwa na wakili.

Jumamosi asubuhi tukaanza kazi ya taimingi, kuupanga moto uje kwa wakati wake. Unalegeza bolti, unaigeuza distribyuta kidogo kidogo injini ikinguruma, mpaka sauti itulie. Mimi nilikuwa kwenye boneti. Mke wangu alikuwa amekaa ndani, mguu kwenye kanyagio la mafuta. Mama mkwe alikuwa juu kwenye roshani, ametupa mgongo, leso kichwani, akisikiliza. Kwa kuwa hawezi kuniita, alimwambia jirani, jirani akainama kwenye ngazi akampigia mke wangu kelele, mke wangu akatoa kichwa nje akanipigia mimi. Neno likinifikia, injini ilikuwa imeshabadilika. Nilipeleka mbele kilichotakiwa nyuma, nikaongeza kilichokuwa kimeshapunguzwa, na wakati mmoja niliambiwa "acha hapo hapo" nikiwa tayari nimepita hapo mara mbili. Gari lilipiga risasi nyingine tatu. Keateka hakusumbuka tena na geti.

Mama mkwe alichoka na sisi. Alichukua kifuniko cha sufuria na mwiko. Pigo moja, mbele. Mawili, nyuma. Matatu, usiguse. Basi mkwe wangu akanipigia sufuria na mimi nikacheza, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu tulielewana naye moja kwa moja. Robo saa baadaye yalisikika mapigo matatu. Injini ilikuwa imetulia kama mtu aliyemaliza kula. Nikakaza bolti.

Kumbe hukumu ilikuwa bado. Alisema injini iliyosimama haisemi ukweli, lazima ipande mlima na anayesikiliza awe ndani. Mlima aliouona yeye ni ule wa Valley Road, alioupanda kwa teksi akienda kwa daktari. Mke wangu anajua kuendesha magari yanayojibadilishia gia yenyewe tu. Ilibaki mimi niendeshe na mama mkwe akae kando yangu, kwenye gari ambalo viti vyake viwili vinagusana.

Walikaa kikao juu, wanawake watatu. Mimi nilingoja chini kama mshtakiwa. Mke wangu aliteremka na leso na pini za nguo, akaibana kutoka kwenye paa hadi kwenye gia, ikawa ukuta katikati ya gari. Niliambiwa nitazame ukuta wa jirani. Mlango wa pili ukafunguka, ukafungwa, na gari likainama kidogo upande ule. Mke wangu akaniinamia dirishani akaniambia niendeshe polepole na nisikohoe.

Tulifika Ngong Road. Askari wa trafiki akatusimamisha, kama ambavyo ningejisimamisha mimi mwenyewe. Aliuliza nimeficha nini nyuma ya pazia. Nikamwambia ni mama mkwe. Alirudia, "Mama mkwe wako?" na kwa lafudhi yake nikajua ni mtu wa Ukambani. Aligeuza uso papo hapo, akarudi hatua mbili, akasimamisha magari ya upande mwingine ili tupite.

Tulishuka Valley Road, tukageukia chini, tukaanza kupanda. Katikati ya mlima injini ikaanza kugonga, mlio mwembamba wa chuma, tik tik tik. Nilijua maana yake, na nilijua kwamba kuta za leso hazizuii sauti. Sasa hapakuwa na bintiye wa kumtuma wala sufuria ya kupiga. Nikadhani ameshakata hukumu. Kisha akasema.

"Gari," alisema, "unaharakisha. Mwambie akurudishe nyuma, upana wa ukucha."

Alisema kwa Kiswahili. Gari lile, kama mimi, halijui Kikamba.

Nikasimama kando, nikafungua boneti, nikarudisha upana wa ukucha. Tukateremka tena, tukapanda tena. Halikugonga. Lilipanda likiimba, na mimi mtu wa miaka arobaini na sita nilijikuta nacheka peke yangu upande wangu wa leso.

"Gari," sauti ikasema tena, taratibu. "Mimi pia nilikuwa na injini yangu. Bwana alipokufa, shemeji zangu wakaiuza nikiwa bado kwa matanga. Walisema mwanamke ataifanyia nini."

Sikujua kama naruhusiwa kujibu, wala kama anayejibu ni mimi au ni gari. Nikaendelea kuendesha. Tulipokaribia nyumbani alivuta pumzi kwa pua, mara mbili.

"Na wewe bado unavuja," akaliambia gari. "Nasikia harufu yako."

Mpira si mpira hata kidogo. Getini mnunuzi alikuwa ameshafika, ametangulia muda, na alikuja na mkokoteni na msumeno wa chuma, maana alikusudia kulichukua vipande vipande. Mke wangu alisimama kando yake, mikono kifuani. Nilizima gari, nikateremka, nikatazama ukuta wa jirani mpaka mlango wa pili ufungwe.

"Mama?" mke wangu akauliza.

Mama mkwe alijivutia leso usoni. "Imepona," akasema, kwa Kiswahili, kisha akaelekea kwenye ngazi.

Mke wangu akamgeukia mnunuzi kumwomba radhi kwa usumbufu. Wakati huo huo tone lilianguka kutoka chini ya injini, jeusi, kwenye cabro. Nikalikanyaga. Nikasikia jingine likigonga kiatu changu, nikabaki hapo hapo. Mkokoteni ukaondoka. Miaka tisa nilikuwa nadhani mama yule hanioni, na nilisimama pale machozi yakinilengalenga, nisiweze kuinua mguu, mpaka mke wangu akaniletea sahani ya chakula chini, maana mama yake alikuwa anakula juu.