Choroko za Migato

Siwapendi watu wanaoniambia nijizuie. Nimeambiwa hivyo na mchungaji, na majirani, na mwenzangu wa chuo anayeuza kwenye simu unga wa kupunguza mwili ambao hata yeye hajui umetengenezwa na nini. Nilimuuliza. Akajibu, "Wewe amini tu, mpenzi." Nikamfuta.

Nilipomaliza chuo nilirudi Bariadi kwa mama, nikakaa bila kazi, nikawa nakula. Asubuhi chai ya sukari na maandazi. Ikifika alasiri mwili mzima ulidai: chapati za jirani, soda, kiporo cha ugali nilichokila nimesimama, kifuniko mkononi. Mchungaji alisema nina roho ya ulafi, nifunge. Nilifunga, jioni nikala kama fisi. Kama ilikuwa roho kweli, basi nayo ilikuwa inangoja saa ya kufungulia.

Kisha nikapimwa sukari. Muuguzi akasema imeanza kupanda, akanieleza inavyoweza kumfikisha mtu kwenye kidonda cha mguu. Hakujua anamweleza nani. Baba alikufa kwa kisukari. Kidonda chake nilikinusa, nilishika beseni kilipokuwa kinaoshwa. Sikuhitaji mahubiri. Nilitaka kujua kwa nini alasiri inanishinda.

Nilianza na asubuhi peke yake. Choroko za kuchemsha, yai, maziwa mgando bila sukari. Mama alicheka: "Nani anakula mboga asubuhi? Chuo kimekuharibu." Lakini baada ya muda alasiri ikaanza kupita bila mimi kuiona. Sikuamini. Nikarudia maandazi makusudi, na siku hiyo hiyo nikajikuta kwa jirani wa chapati. Basi nikabaki na choroko, na ugali nikaupunguza hadi vitonge vichache na mboga nyingi. Ulafi sikupona. Niliacha tu kuuamsha.

Wakabaki watu.

Mama mkubwa, mke wa kaka yake baba, aliniita kwao Migato baada ya mavuno. Hapa lazima niseme jambo la aibu la ukoo wetu. Tangu baba afe, watu wananong'ona kwamba alilishwa kitu, na kwamba alilishwa nyumbani kwa shemeji yake huyo. Walisomewa majibu ya hospitali, wakaitikia kwa kichwa, wakatoka wakamtafuta mchawi. Na kwetu, mtu akitoa mkono mapema kwenye ugali wa nyumba fulani, hajasema ameshiba. Amesema hamwamini mpishi.

Nilijua yote hayo. Nilidhani hayanihusu kwa sababu siyaamini.

"Mwadila, mayu," nilimsalimia kwa Kisukuma, akafurahi, akanikalisha mkekani na wanawake wengine. Sahani moja ya ugali, mlima hasa, na bakuli la choroko zilizoungwa kwa karanga. Nikala vitonge vyangu, nikanawa.

"Mkono umechoka?" aliuliza mama mkubwa.

"Nimeshiba, mama."

Shangazi, dada yake baba, akacheka. "Mwache. Wasomi wanashiba kwa macho."

Mama mkubwa hakucheka. "Zamani ulikuwa unakomba sufuria yangu mpaka inalia. Leo ugali wangu unaubonyeza kama unaukagua. Sema mbele ya hawa. Unaogopa nimekuwekea nini?"

Mikono yote ikasimama. Ningemaliza ule mlima, ningemsafisha jina. Lakini nyumba inayofuata ingenidai mlima wake, na nyingine wake, mpaka nirudi kwenye beseni la baba. Hasira ikanipanda, juu yake, juu yao wote.

"Baba alikufa kwa sukari," nilisema. "Na mimi yangu imeanza kupanda. Ninaukimbia ugali, siukimbii mkono wako. Nipe choroko zako bakuli zima."

"Choroko tupu ni chakula cha mgonjwa."

"Basi nipe kama mgonjwa."

Akachota kutoka chungu kile kile walichopakuliwa wote mpaka bakuli likamwagika, akalibwaga mbele yangu. "Kula. Wote wanaona."

Nilikula. Alinitazama mdomoni mpaka nikafika chini. Kisha akachukua bakuli, akaligeuza juu chini mbele ya shangazi. "Umeona?"

Shangazi akatazama kuku.

Nilipoaga, mama mkubwa alinipa mfuko wa choroko kavu. Hakutabasamu. "Hizi upike kwenu," alisema.

Nyumbani mama alinipokea mlangoni. "Ulikula ugali wake?"

"Kidogo sana."

Akashusha pumzi. "Afadhali. Nilikuwa nakuombea."

Nikamtazama. Mwanamke aliyelala sakafuni hospitalini kando ya kitanda cha baba, aliyemsikia daktari kwa masikio yake.

"Kumbe na wewe, mama?"

"Mimi sijasema kitu." Akauona mfuko. "Hizo hazipikwi kwenye sufuria yangu. Wape kuku."

Asubuhi nilizichambua, nikazipika kwenye sufuria yake. Alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai, anakoroga sukari.

"Utajiua kwa ubishi."

"Kilichomuua baba kiko kwenye hicho kikombe."

Kikombe hakukiweka chini. Nami nikala mbele yake hadi mwisho.

Alasiri mama alikuwa bado nje, anaisugua ile sufuria kwa majivu. Jirani alipita na beseni la chapati, akaniita kwa jina kama zamani. Sikuwa na njaa. Nilikuwa na hasira tu.