Kamera yangu ilimsingizia mwanamke aliyekuwa akimlisha mama yangu

Admin, tafadhali jina langu lisionekane, kwa sababu ndugu zangu wote wanafuata ukurasa huu.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na nne, nimeoa, nafundisha kompyuta katika shule moja hapa Kisii. Mama yetu anaishi Kebirigo. Mwaka jana alipatwa na kiharusi, akapooza upande wa kushoto, na maneno yakawa yanamtoka kwa shida. Tulimtafutia mama mmoja wa kumtunza. Nitamwita Kemunto, si jina lake.

Mimi ndiye niliyetoa wazo la kamera. Ndugu yangu mkubwa alitaka tununue mtambo kamili dukani, nikamwambia hakuna haja, nitaunda mwenyewe. Nilichukua kompyuta ndogo, ile ya bodi moja inayoenea kwenye kiganja, nikaiunganisha na kamera nne: mlangoni, jikoni, sebuleni na chumbani kwa mama. Kila mmoja wetu angeweza kuona nyumbani kwenye simu yake. Kemunto hakukasirika. Alisema, "Ni vizuri. Sasa mtakuwa mnamwona mama kila siku."

Lakini kale kabodi kalikuwa kanazidiwa. Kamera moja au mbili, sawa. Zote nne zikiwaka pamoja, mojawapo ilikatika na picha ikawa nyeusi. Dada yangu, ambaye ana duka Masimba, alikuwa ananipigia kila mara: "Mwalimu, mitambo yako imekufa tena?" Niliona aibu. Basi nikabadilisha programu, kwamba kamera ikikatika, simu iendelee kuonyesha picha ya mwisho badala ya weusi. Na saa iliyoandikwa juu ya picha ilitoka kwenye kompyuta, si kwenye kamera, kwa hiyo iliendelea kutembea. Nilijua hivyo. Nilijiambia nitarekebisha shule zikifungwa.

Jumanne moja, wakati wa mapumziko ya saa nne, nilifungua simu nikamwona mama ameketi peke yake kwenye kiti chumbani. Saa tano, vilevile. Saa saba, saa nane, mama yuko palepale, shuka limemteleza magotini, hakuna aliyemgusa. Kamera ya jikoni ilimwonyesha Kemunto akikoroga uji, halafu akatoka na bakuli. Nikasema moyoni, anaenda kula mwenyewe.

Nilimpigia. "Mama amekaa bila kuguswa tangu asubuhi. Wewe ni mtu wa aina gani?"

"Mwalimu, nimemwosha, nimempa uji, saa hii namkanda mguu. Niko naye hapa."

"Kamera haidanganyi," nikamjibu, nikakata simu.

Nikatuma zile picha kwenye kundi la familia. Ndugu yangu aliandika: afukuzwe leo. Dada alifunga duka akaenda Kebirigo, akampekua Kemunto mkoba wake pale langoni, majirani wakitazama, kisha akamwambia aende. Ananiambia mama alikuwa anasema "yaya, yaya", yaani hapana kwa lugha yetu. Tuliona ni huruma tu ya mgonjwa. Hakuna aliyeketi kumsikiliza.

Wiki mbili baadaye nilienda kumwona mama. Nilikuwa nimeketi kitandani, nimeushika mkono wake, nikafungua simu kuona kama kamera ziko sawa. Simu ilinionyesha mama peke yake. Mimi sikuwemo. Niliinua mkono, nikaupunga mbele ya kamera. Kwenye simu hakuna kilichosogea isipokuwa saa. Mama aliniangalia, machozi yakamtoka, na mimi nikashindwa kumtazama usoni.

Siku hiyo nilichomoa kamera mbili, nikafuta ule ujanja wangu, sikumwambia mtu. Ndugu zangu bado wananisifu. Ndugu yangu hata amewaambia wakwe zake kwamba nitawawekea mtambo kama huo.

Mama amekonda. Msichana tuliyemleta badala ya Kemunto ni mzuri, lakini chakula kinamwagika, na mama anageuza uso ukutani. Juzi alijitahidi sana akatamka jina la Kemunto, msichana akafikiri anamwita mjukuu wake.

Jumamosi iliyopita nilipita soko la Daraja Mbili kununua ndizi, na aliyekuwa akiziuza mbele yangu, ameketi juu ya gunia, ni Kemunto. Nilitaka kurudi nyuma lakini alikuwa ameshaniona. Alinisalimu vizuri. Nilimuuliza kama alipata kazi ya kutunza wagonjwa tena. Alisema, "Huko Kebirigo nani atanichukua? Wanasema mimi ndiye nilimwacha mama wa watu kwenye kiti." Hakusema kwa hasira. Kisha akauliza, "Mama anakula?"

Nilisema anakula kidogo.

"Mwambie huyo anayemlisha aweke kijiko upande wa kulia. Na asimharakishe. Mama anapenda aambiwe habari za watu huku anakula."

Nililipa ndizi, nikamwambia asante, nikaondoka.

Mke wangu pekee ndiye anayejua. Anasema nimtafute Kemunto nimwombe msamaha kwa siri, lakini ndugu zangu nisiwaambie, kwa maana watanidharau maisha yangu yote, na dada hatanisamehe kwa kumfanya ampekue mtu asiye na hatia. Mimi naona msamaha wa siri hautamrudishia jina lake, kwa sababu tulimchafua mbele ya watu. Lakini kila nikifungua kundi la familia niandike, naandika mstari mmoja, naufuta.

Nyinyi mnaosoma, msinionee huruma. Niambieni tu: nianze na Kemunto, au nianze na ndugu zangu? Na nikimwomba arudi kwa mama, je, nina haki hata ya kumwomba?