Disko Toto Nililokwenda Peke Yangu

Binti yangu wa mwisho ameshikwa na hamu ya mambo ya zamani. Anasuka twende kilioni kama tulivyosuka sisi, anachambua mitumba mpaka apate gauni la mabega ya puto, halafu ananiambia, "Mama, nyie mlifaidi." Namjibu "Ehee," naendelea kupepeta mchele. Mtu ukishachoka, hata kubisha ni kazi.

Mwezi uliopita nilikwenda Kang'ata kumwona rafiki yangu wa utotoni, na nimerudi nikiwa nimechoka zaidi.

Tulikua naye Masuguru, hapa Korogwe, kwao na kwetu pakitenganishwa na ua wa minyaa. Baba yake alikuwa kibarua wa mkonge, mama yake Mzigua wa huko huko Kang'ata. Mwaka tuliomaliza darasa la saba, mama zetu walitununulia kitambaa kimoja kwenye duka la Mhindi, tukashonewa sare ya Idi. Sikukuu ya pili kulikuwa na disko toto ukumbini, mchana, na tulikuwa tumejiandaa wiki nzima nyuma ya jiko lao. Yeye ndiye aliyejua kucheza. Mimi nilikuwa namfuatisha tu, nusu hatua nyuma.

Siku moja kabla ya disko alikuwa akinichoma nywele. Chanuo la chuma lilikuwa juu ya mkaa, kichwa changu kimepakwa mafuta ya mgando, upande wa kulia umeshalala, wa kushoto bado umesimama. Alipoinuka kuchukua chanuo, mama yake, aliyekuwa akianua nguo, aliona doa kwenye kanga ya mwanawe.

"Ingia ndani," alimwambia.

"Mama, namalizia upande huu."

"Nimesema ingia. Nitampelekea bibi yako salamu aje."

"Na disko kesho?"

"Wewe sasa ni mwali. Disko limekwisha."

Aliniwekea chanuo mkononi, akaingia. Sikumwona tena uso kwa muda mrefu.

Nilikwenda ukumbini nimejifunga kitambaa kichwani kuficha ule upande wa kushoto. Nilisimama ukutani na gauni langu la sare lisilo na mwenzake. Wasichana wengine walicheza mpaka jasho likawatiririka. Nilicheza kidogo, nikarudi nyumbani kabla ya muziki kuzimwa.

Kesho yake nilipita kwenye ua, nikaenda kwenye dirisha la chumba chake. Lilikuwa la mbao, limefungwa.

"Walicheza mtindo gani?" aliuliza kutoka ndani.

Nikamweleza. Hakuridhika.

"Nioneshe."

"Utanionaje na dirisha limefungwa?"

"Piga miguu, nisikie."

Basi nikacheza pale kwenye vumbi, peke yangu, mbele ya mbao. Ndani bibi yake alikohoa, lakini hakunifukuza. Rafiki yangu alisikiliza, kisha akasema, "Unachelewa mguu wa kushoto." Nikarudi siku nyingi kumpigia miguu, mpaka ikafika siku hajibu, nikadhani amekata tamaa.

Alipotolewa, ngoma ilipigwa, naye akatoka amenawiri, amepakwa mafuta, macho chini. Mimi nilikwenda sekondari. Yeye aliolewa Kang'ata, na kwa miaka yote hii nimemhurumia. Kila niliposikia muziki wa zama zile, nilimwona nyuma ya zile mbao.

Safari hii nilimkuta uani kwake akipukuchua mahindi. Magoti yamemvimba, wajukuu wamejaa, mumewe ana presha na hatoki kitandani. Tulisalimiana mpaka machozi, nikakaa tukapukuchua pamoja. Nikamkumbusha disko toto.

"Disko gani?" aliuliza.

Nikamsimulia yote, gauni, chanuo, dirisha. Alicheka kwa adabu, kama mtu anayesimuliwa habari za jirani.

"Hilo limenipotea, shoga yangu. Kile chumba ndicho nakikumbuka."

"Ulikichukia."

"Siku za mwanzo. Baadaye nikawa nalala tu. Naletewa uji, nasingwa mwili kwa mafuta, nalala tena. Hakuna maji ya kuchota, hakuna mtoto wa kubeba. Ulikuwa ukija unapiga miguu nje, mimi nimelala. Tangu nitoke mle sijalala nikashiba."

Huruma niliyokuwa nimembebea miaka yote ilinibaki mikononi, sijui niiweke wapi.

Mkwewe aliita kutoka jikoni kwamba maji yamekwisha. Akaanza kuinuka, mikono magotini.

"Kaa," nikamwambia. "Jinyooshe hapo mkekani, nitakwenda mimi."

"Mgeni achote maji? Aibu."

"Mimi si mgeni. Lala."

Alibisha kidogo, akajilaza kwa ubavu, kanga usoni. Niliporudi na ndoo alikuwa ameshapitiwa, mdomo wazi, kuku wakidonoa mahindi pembeni yake. Nikawafukuza polepole, nikaendelea kupukuchua. Gari la mwisho la kurudi Korogwe lilipiga honi barabarani, likapita.