Kimya cha Mama Mdogo kwenye Foni

"Mtu akinyamaza, amesema nini?"

Mama mdogo aliniuliza hivyo asubuhi moja ya wakati wa vita, akinisuka nywele kwenye kibaraza chetu cha mtaa wa Mikelenge, mjini Kindu. Nilikuwa mtoto wa maswali, si wa majibu. Nikamwambia labda ana usingizi. Akanivuta nywele, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

Siku hiyo alikuwa aozwe. Treni ilikuwa imekufa, barabara zilikuwa za wenye bunduki, na Kindu ilikula kile ambacho ndege ilipenda kuleta. Mchumba alikuwa mfanyabiashara wa Kisangani, mtu mzima mwenye wake wawili, na ndiye aliyekuwa akitutumia chumvi kwa ndege. Nyumbani kwake ndipo alipokuwa akiishi mjomba, kaka mkubwa wa mama mdogo, ambaye vita vilimkuta huko na hakuweza kurudi. Babu alikwisha kufariki, kwa hiyo mjomba ndiye aliyekuwa walii: bila yeye hakuna ndoa. Bila ridhaa ya msichana pia hakuna ndoa, ndivyo dini yetu inavyosema. Ila kwetu mwari hasemi "nakubali". Huulizwa, huinamisha kichwa, hunyamaza, na kimya hicho ndicho saini yake. Anayesema "ndiyo" kwa sauti huonekana hana haya. Anayesema "sitaki" huonekana ana mwingine mahali fulani.

Mama mdogo hakuwa na mwingine. Hakutaka tu kuwa mke wa tatu wa mtu aliyemwona kwenye picha, akiwa ameegemea pikipiki kama vile ameizaa.

"Nikisema ndiyo, nimekwisha. Nikinyamaza, nimekwisha," alisema akifunga msuko wa mwisho. "Na hapana haisemeki."

Nikamuuliza kwa nini haisemeki. Akaniambia nitikise kichwa aone kama misuko imekaza.

Foni, ile redio ya kuongea na miji ya mbali, ilikuwa katika chumba cha udongo nyuma ya soko, ikiendeshwa kwa betri ya gari. Waliopanga foleni nje walisikia siri za walio ndani, na wengi walikuja mapema kwa sababu hiyo. Tuliingia: bibi katika kitenge cha sikukuu, jirani zake wa kuwa mashahidi, mama mdogo chini ya mtandio, na mimi, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kunifukuza. Mwenye foni alikuwa Mkatoliki mwembamba, asiyependa mtu aguse vitu vyake. Alimpa mama mdogo kipaza sauti na kumwonyesha: bonyeza uongee, achia usikie, ukimaliza sema "kwako".

Sauti ya mjomba ikatoka kama imejaa mchanga.

"Dada yangu, bwana iko hapa pembeni yangu, na shehe iko. Unakubali nikuozeshe? Kwako."

Mama mdogo akabonyeza. Akainamisha kichwa. Akanyamaza vizuri kabisa, kama alivyofunzwa. Bibi alijiziba mdomo kwa kiganja ili vigelegele visimponyoke kabla ya wakati. Kisha mama mdogo akaachia.

"Sijasikia kitu," alisema mjomba. "Rudia. Kwako."

"Arudie nini?" bibi alimaka. "Amenyamaza! Mwambie amenyamaza!"

Mwenye foni akachukua kipaza sauti. "Amenyamaza. Kwako."

"Nani amenyamaza? Yeye ao mashine? Kwako."

Nje foleni ikaangua kicheko. "Bibi harusi wa upepo!" mtu alipaza sauti.

"Mama," mwenye foni alimwambia bibi kwa Kiswahili cha kwetu, ambamo "njo" ni "ndio", "kwangu hapa kimya njo betri imekufa. Siwezi kusema njo ndoa. Aseme neno."

"Mutoto yangu aseme neno mbele ya batu hawa wote? Weye hukuzaa?"

"Nimezaa saba, Mama, na hakuna hata mumoja anayejua kunyamaza."

Mama mdogo alijaribu tena na tena, kimya juu ya kimya, na kila mara mjomba alilalamika: mara anasikia mvua, mara anasikia watu wa mji wa Lubutu wakibishana juu ya mihogo. Mwishowe betri ikafa kweli. Bibi akatoka bila kuaga. Kila tuliporudi, mambo yalikuwa yale yale, mpaka mchumba akachoka, akaoa kwingine. Chumvi ikakoma. Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi, na bibi alihakikisha kila tonge linajua kosa ni la nani.

Mimi nilitoka pale na imani moja: mashine mbovu ina huruma kuliko watu. Nilikuja kusoma sheria chuoni, nikatilia shaka walimu, mashehe, mapadri na bei za samaki. Hilo peke yake sikulitilia shaka.

Majuzi mama mdogo, ambaye sasa ana duka la kushona na mume aliyemchagua mwenyewe, aliniletea simu yake. Inite zake, yaani salio la kupigia simu, zilikuwa zikiyeyuka kabla hajampigia mtu. Nikafungua ujumbe. Kila alfajiri simu ilimletea, kwa Kifaransa, matokeo ya mpira wa Ulaya.

Tukaenda kwa wakala wa kampuni ya simu, dada mmoja mwenye kioski karibu na kivuko. Akatazama skrini yake.

"Mama alikubali."

"Alikubali vipi?"

"Walimuandikia: asipotaka, ajibu. Hakujibu. Njo amekubali."

Nilikuwa nimeisoma sheria yetu ya dijitali mpaka macho yakauma. Inasema maandishi ya elektroniki yana nguvu sawa na ya karatasi, mradi ajulikane yametoka kwa nani na yatunzwe bila kuchezewa. Nilitafuta mahali panaposema kwamba kunyamaza ni saini. Sikupaona. Nilimweleza dada yote hayo. Akapiga miayo. Nikaona nibadilishe njia.

"Basi, dada, nimekuja na jambo jingine. Nakuposa kwa niaba ya huyu." Nikamwonyesha mzee mmoja wa foleni, aliyeshika baiskeli yenye madumu ya mawese. "Asiyetaka, ajibu kwa Kifaransa."

"Miye niko tayari," alisema mzee papo hapo.

Dada alinikodolea macho, mdomo wazi.

"Amenyamaza!" nikawatangazia watu. "Mashahidi muko?"

"Tuko!" foleni iliitika, na mwanamke mmoja akapiga kigelegele kirefu.

"Eeh! Miye sijasema kitu!"

"Njo hivyo, dada. Hukusema kitu."

"Bibi yangu," mzee alimwambia kwa upole, "nitakuletea mawese jioni."

Dada akabonyeza vitufe kwa hasira, na mpira wa Ulaya ukakoma hapo hapo. Inite zilizoliwa hazikurudi. Kwa hizo, alisema, tuwaandikie wakubwa wake Kinshasa.

Mama mdogo alicheka njia nzima. Mimi, kwa kujisikia, nikamwambia hata yeye aliokolewa na foni mbovu. Hapo alisimama.

"Mbovu?" alisema. "Nani alikuambia ilikuwa mbovu?"

Akanieleza jambo ambalo mjomba alimwambia barabara zilipofunguka, nalo alikuwa amelifungia moyoni mpaka bibi alipozikwa. Mjomba alikuwa akila na kulala kwa yule mfanyabiashara. Hakuweza kumwambia usoni kwamba hampi dada yake. Lakini dada yake alimjua tangu utotoni, na alijua kwamba dada huyo akitaka kitu hanyamazi. Ukibonyeza kile kitufe, hata usiposema neno, upande wa pili husikia chumba chote. Siku ile aliposema hajasikia kitu, foni ilikuwa safi kabisa: mjomba, aliyekuwa peke yake na visikilizio masikioni, alisikia pumzi ya dada yake, na hata kengele ya baiskeli iliyokuwa ikipita sokoni.